Mchanga Uliomwagika Ndani ya Maji

Juzi walikuwa wakiziba mashimo kwenye barabara ya kuingia mtaa wa West Indies hapa Eldoret, na upepo ukaniletea harufu ya lami ya moto. Nilisimama na sukuma wiki zangu mkononi, nikashindwa kuvuka. Kijana mmoja wa kazi alidhani naogopa magari. "Pita tu, shosho," akaniambia, akainua koleo lake kuwasimamisha madereva. Sikuwa na namna ya kumweleza. Harufu ile kwangu si ya barabara, ni ya sebule yetu ya zamani. Baba alichemsha lami kwenye kopo, akaipaka kwenye kingo za chuma za sanduku kubwa la kioo kwa manyoya ya kuku, kwa sababu chumvi ya bahari, alisema, haina urafiki na chuma.

Wenzangu wa rika langu mnazikumbuka landi za reli, zile nyumba zilizopangwa mstari mmoja kama mabehewa. Yetu ilikuwa na vyumba viwili na umeme, stima tulivyouita, na kwa stima hiyo tulionekana watu. Baba alikuwa fundi wa reli aliyehamishwa kutoka Mombasa. Mombasa tulikuwa wanne. Eldoret tulifika watatu, na hakuna aliyeniketisha chini akanieleza kwa nini.

Nilichokijua ni hiki. Jumapili moja kaka yangu Wafula, aliyenitangulia kuzaliwa, alienda ufuoni na Baba. Baba akarudi peke yake, nguo zimelowa, viatu vya Wafula mkononi. Wanaume walitafuta kwa mitumbwi siku nyingi na hawakumwona. Jirani mmoja alipokuja kumpa Mama pole mlangoni, nilimsikia Mama akisema, "Bahari imemchukua." Neno kuchukua nilikuwa nalijua vizuri. Shangazi yangu alikuwa amenichukua wakati wa likizo, nikakaa kwake, nikala mahindi mpaka nikachoka, kisha akanirudisha. Kwa hiyo nilingoja.

Hata mizigo haikuwa imefunguliwa yote Baba alipoanza kujenga lile sanduku la kioo. Alikuwa na rafiki gadi wa treni ya mizigo, na huyo gadi akawa anamletea maji ya bahari kutoka Kilindini katika chupa kubwa za kioo zilizofungwa kwa magunia zisivunjike njiani. Pamoja na maji yakaja mawe ya matumbawe, mchanga mweupe, na hatimaye samaki: kitatange wa manjano wenye mistari myeusi, na wengine wadogo wa rangi ya chungwa waliopenda kujificha. Sebule nzima ikanuka Mombasa. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Ikiwa bahari ndiyo iliyomchukua Wafula, na Baba sasa alikuwa akiileta bahari kwetu chupa kwa chupa, basi ilikuwa wazi anafanya nini.

Mama alisimama mlangoni na ndoo yake. "Umeileta hiyo kitu ndani ya nyumba yangu?"

"Ni samaki tu, Mama Wafula."

"Usiniite hivyo mbele ya hayo maji."

Baba aliinama akaitumbukiza chupa ndogo ya dawa aliyoitia vipande vya risasi, ikaelea wima, akaangalia alama aliyoichora ubavuni kwa msumari. Maji yakipungua kwa jua chumvi huzidi, na chupa huinuka mpaka alama ikatoka juu ya maji. Hapo huongeza maji ya mvua kidogo kidogo. Alikuwa mpole na yale maji kuliko nilivyowahi kumwona na mtu yeyote. Na baridi ya Eldoret ilipokaza, baridi ile ya Julai inayokufanya uvae soksi kitandani, aliwasha balbu chini ya kioo na kukifunika na blanketi la Wafula, lile la kijivu lenye mstari mwekundu. Nikasema moyoni, si unaona? Anamfunika.

Wakati huo Wazungu walikuwa wakiuza mashamba na kuondoka, na kila mtu mjini alizungumza ardhi. Waliozungumza kwa sauti walikuwa wachache, wengi walinong'ona, kwa maana hakuna aliyejua nani angepata na nani angeambiwa arudi alikotoka. Jirani yetu Mama Wanjiru, aliyekuwa na duka karibu na landi na ambaye watu wake walitoka Nyeri, alikuwa ameingia kwenye kikundi cha kununua shamba la Mzungu mmoja huko Kiplombe. Humo mlikuwa na wenye maduka, makarani, vibarua na watu wa reli. Mama naye aliingia, kwa jina la Baba, kwa kuwa mwenyekiti aliandika majina ya wazee wa nyumba tu. Baba alikubali jina lake liandikwe, kwa namna ya mtu anayekubali ili aachwe apumzike.

Sisi hatukuwa na kwetu. Babu alizeekea kwenye shamba la Mzungu upande wa Kitale akiwa kibarua, na udongo aliolima maisha yake yote haukuwa wake hata upana wa kaburi. Jioni moja nilimsikia Mama jikoni akimwambia Mama Wanjiru, "Kwetu sisi mtu asipoonekana tunaweka mgomba. Lakini utaweka wapi, kwa landi ya serikali?"

"Mungu atafungua njia, Mama Nanjala," Mama Wanjiru akasema, akimwita kwa jina langu. "Hiyo shamba tutapata."

Nikaelewa kwamba Mama anataka shamba ili apande ndizi. Ndiyo sababu nilishangaa sana usiku ule Baba alipogonga meza mpaka taa ikatikisika.

"Hakuna mgomba! Mimi nikiwa hai, hakuna mgomba!"

"Sasa mtoto akae hivyo hivyo? Mpaka lini?"

"Hakuonekana. Umesikia? Hakuonekana ni hakuonekana. Si kitu kingine."

Kugombana namna hiyo kwa sababu ya ndizi! Nilijifunika kichwa. Na tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na ukimya wa aina mbili, wa Baba sebuleni na wa Mama jikoni, nami nikipita katikati na vikombe vya chai, nikitembea polepole nisimwage, kana kwamba tone moja likianguka ndilo litakaloanzisha yote upya.

Katika ukimya ule Baba alitengeneza kile kitu ambacho hata watu wazima walikuja kukitazama. Alianza na chemchemi: alitoboa jiwe la matumbawe, akapitisha mpira mwembamba wa hospitali, na viputo vikapanda kutoka shimoni kwa mstari mmoja. Hewa ilitoka kwa mashine aliyoiunda mwenyewe, mota ya feni ya zamani iliyosukuma na kuvuta pampu mbili za baiskeli, tuku-tuku, tuku-tuku, mchana kutwa. Watu wakasifu. Baba hakutosheka. Akataka maporomoko, lakini ndani ya maji.

"Maji yataanguka vipi ndani ya maji?" nilimuuliza.

"Si maji yataanguka. Ni mchanga."

Alichukua chujio la chai la Mama bila ruhusa, akaupepeta mchanga wa matumbawe mpaka ukabaki laini kama unga wa ngano. Akajenga ukuta wa mawe katikati ya sanduku, mrefu, wenye kingo kama mwamba, na nyuma yake akaficha bomba. Hewa ilipoingia chini ya bomba ilipanda kwa nguvu, ikauvuta mchanga pamoja nayo mpaka juu ya mwamba. Huko mchanga ulikosa pa kwenda ukamwagika mbele, mweupe, bila sauti, kama maziwa yanayomiminwa na mtu asiye na haraka, ukarudi chini na kuingia tena bombani. Mara nyingi uliziba. Mara nyingine ulitapakaa samaki wakafungua midomo kwa dhiki, na Baba akaingiza mikono mpaka mabegani, akabomoa, akajenga upya. Mama alipolikuta chujio lake limejaa chumvi aliliweka mezani mbele ya Baba bila neno. Lilikaa hapo juma zima. Hakuna aliyeligusa.

Siku maporomoko yalipokubali, Baba alivuta kiti akakaa, akatazama mpaka chai yake ikafanya utando. Nyuma ya ule mchanga uliokuwa ukianguka alikuwa ameacha pango dogo lenye giza. Wale samaki wa chungwa waliingia wakapotea, kisha wakatokea tena. Nilitazama vile wanavyoingia na kutoka, nikajua ule ni mlango.

Siku chache baadaye, Mama akiwa bombani akifua, nilipanda kiti, nikaingiza mkono wote ndani ya maji yale ya vuguvugu, nikaupitisha kwenye mchanga mpaka vidole vikafika pangoni. Nilihitaji kuinama. Shavu langu likagusa maji, kisha sikio. Nikaita, kwa sauti ndogo, ili asishtuke.

Sikumsikia Mama akiingia. Nilihisi nguo yangu ikikazwa shingoni, nikarushwa nyuma, nikaanguka chini pamoja na kiti. Alinishika mabega akanitikisa huku akinikagua macho, mdomo, pua, kama anatafuta mahali maji yalipoingilia. Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni. Baba alitokea mlangoni akiwa bado na kofia ya kazi.

"Umenichukulia mmoja," Mama akamwambia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Sasa umeniletea hayo maji mpaka ndani yanimalizie na huyu."

Baba alivua kofia.

"Kura ya kugawa vipande vya shamba ni Jumamosi," Mama akaendelea. "Jina ni lako. Utakuja uchukue namba yetu. Usipokuja, Baba Wafula, mimi na huyu mtoto tutapanda basi, na hutajua tumeshuka wapi."

"Nitakuja."

"Tutaona."

Jumamosi ilifika na mvua ya alfajiri iliyokatika mapema. Mama alivaa kitambaa chake cha kanisani, akapanda lori na Mama Wanjiru na watu wengine wa kikundi. Mimi niliachwa nije na Baba kwa baiskeli. Nadhani aliniacha makusudi, niwe kamba ya kumvuta. Baba alinyoa ndevu, akavaa koti. Alikuwa akifunga viatu mashine iliposita. Tuku, ikasema. Kisha ikanyamaza.

Stima ilikuwa imepotea. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Mchanga uliokuwa juu ya mwamba ukamalizia kuanguka, uzi mwembamba, halafu hakuna. Baba alisubiri, kiatu kimoja mguuni. Alitoka nje, akauliza majirani. Landi nzima haikuwa na stima, na kwa mvua ile ingeweza kuchelewa mpaka jioni. Alirudi, akafungua zile pampu kutoka kwenye mkono wa mota, akaanza kuzisukuma kwa mikono yake, moja baada ya nyingine. Viputo vikapanda.

"Dakika kidogo," alisema. "Itarudi."

Haikurudi. Jua lilipanda dirishani. Jasho lilimlowesha koti na hakulivua. Kila aliposimama kupumua, kitatange walikuja juu wakaifungua midomo yao kwenye ukingo wa maji, naye akashtuka akaanza tena. Nilimwona akiangalia mlango, kisha kioo, kisha mlango. Niliufikiria uso wa Mama huko Kiplombe, na lile basi, na mahali tusipojulikana tumeshuka. Nikafanya uamuzi. Nilimsogelea nikaishika pampu.

"Nenda, Baba. Mimi nitampigia hewa."

"Hutaweza. Wataku..." Akanigeukia. "Utampigia nani?"

"Wafula."

Mikono yake ilisimama.

"Wafula yuko wapi?"

Nilimwonyesha pango nyuma ya mwamba. Nilishangaa kwamba ananiuliza. "Hapo. Si ndiyo ulimtengenezea mlango?"

"Nani alikuambia hivyo?"

"Hakuna. Mama alisema bahari ilimchukua. Wewe ukaleta bahari." Alivyonitazama nilidhani nimekosea, nikaongeza haraka, "Sijamwambia mtu. Hata Mama sijamwambia."

Baba aliketi sakafuni. Alikuwa mtu mrefu, na sikuwa nimewahi kuuona uso wake ukiwa chini ya wangu. Samaki wakaanza tena kupanda juu, na safari hii hakuwaangalia.

"Nanjala," akasema, "Wafula alikufa."

Hakuna mtu aliyekuwa amelitumia neno hilo nyumbani kwetu.

"Nilikuwa nimemshika mkono. Wimbi likaniangusha. Niliposimama mkono wangu ulikuwa mtupu. Nilizama nikatafuta, nikatafuta..." Alinionyesha viganja vyake kana kwamba bado vingeweza kutoa ushahidi. "Hayuko hapo ndani, mama. Hapo ni samaki tu. Alikufa."

Neno hilo, mama, alimwita nalo mama yake, na mimi pia alikuwa akiniita hivyo nikiwa mgonjwa, kwa hiyo nilijua ni kweli. Sikulia. Nilihisi tu aibu kubwa, kama mtu aliyemwamkia mgeni njiani akidhani ni ndugu yake.

Baba aliinuka. Akachomoa mpira wa hospitali kutoka kwenye pampu moja, akaifunga ile nyingine mahali pake kwenye mota. Ile aliyoichomoa akatoka nayo nje. Nilimfuata. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, gurudumu la nyuma limekaa chini, kwa kuwa tangu aanze mambo ya samaki hakuwa na pampu ya kulijaza. Aliinama akalijaza, akilibonyeza kwa kidole gumba, akalijaza tena. Kisha akaniweka kwenye keria.

"Nishike sana," akasema.

Barabara ya Kiplombe ilikuwa matope. Tuliteleza, tukashuka, tukasukuma, tukapanda tena. Mgongo wa Baba ulipumua mbele yangu kama mnyama. Njia nzima aliniuliza tu kama nimeshika.

Watu walikuwa wamekusanyika mbele ya ghala la Mzungu. Kwenye meza palikuwa na sufuria yenye vikaratasi vilivyokunjwa, na mwenyekiti, mtu mnene mwenye fimbo, alikuwa akiita majina. Mama alikuwa amesimama peke yake mbele ya meza. Nilimsikia kabla sijamwona vizuri.

"Nimeshakuambia, Mama, kadi ya kikundi ni ya mzee," mwenyekiti alikuwa akisema. "Nimemwita mara ya kwanza, nimemwita tena. Watu wanangoja. Kama hayuko, tunampa mwingine."

"Mimi niko. Mimi si mtu?"

"Sijasema wewe si mtu. Nimesema mzee."

"Huyu mama tunamjua!" Mama Wanjiru akapaza sauti kutoka nyuma. "Mwacheni achukue!" Wengine wakaguna, wengine wakamwambia anyamaze. Mwanamume mmoja tayari alikuwa amesogea karibu na sufuria.

Baba aliiangusha baiskeli pale pale. Watu wakampisha, kwa sababu alikuwa na matope mpaka kiunoni na uso wa mtu aliyetoka kupigana. Mama aligeuka. Hakufurahi. Alimtazama tu, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine pale aliyelielewa.

"Nani amebaki na samaki?"

"Hakuna," Baba akasema.

Walitazamana. Kisha Baba akamgeukia mwenyekiti. "Jina ni langu. Namba atachukua yeye."

"Mzee, utaratibu..."

"Atachukua yeye."

Mama aliingiza mkono kwenye sufuria. Akavikoroga vikaratasi mpaka chini. Namba aliyoitoa ilikuwa ya kipande cha chini karibu na kijito, chenye mawe na chenye ukoka mwingi, na watu waliokijua walimwonea huruma waziwazi. Yeye aliikunja ile karatasi, akaitia kifuani, akavua kitambaa chake cha kanisani na kuanza kumpangusa Baba matope usoni, mbele ya watu wote.

Tuliporudi landi stima ilikuwa imerudi. Mota ilikuwa ikisukuma pampu moja. Hewa ile ilitosha kuwaweka hai samaki wengi, ingawa kitatange wawili walikuwa wamelala ubavu juu ya maji. Lakini haikutosha kuunyanyua mchanga. Ulikaa chini, na Baba hakuujenga tena. Kabla ya mwezi kwisha yule gadi aliwachukua samaki waliobaki katika zile chupa zake, arudi nao Mombasa akawamwage. Kama walifika, hakusema, na Baba hakumuuliza.

Mvua zilipopungua, Babu alikuja kutoka Kitale na ndugu wawili wa Baba. Walikata mgomba kwa jirani, uzikwe badala ya mwili usioonekana, wakaufunga shuka jeupe, wakachimba kaburi kwenye kile kipande chetu, juu kidogo ya kijito, mahali pasipo na mawe. Mama Wanjiru alikuja na wanawake wa kikundi wakiimba. Baba na Babu waliushusha ule mgomba polepole, kama unavyomshusha mtu, na Baba akalitaja jina kamili la kaka yangu kwa sauti, akamtaja na mzee wa ukoo ambaye jina lake alipewa. Kisha akachukua udongo.

Nilisimama kando, mikono nyuma. Nilijua sasa kilichokuwa mle ndani na kisichokuwamo. Nilitaka kulia tangu asubuhi, lakini sikujua kama naruhusiwa, na nilikuwa nimezoea kupita nyumbani bila kumwaga kitu. Mama aliniona. Alikuja akapiga magoti kwenye ule udongo mpya, akanivuta kifuani pake.

"Lia, Nanjala," akaniambia. "Hapa ni kwetu. Hapa mtu analia mpaka amalize."